Kura 195 zilizoangusha mswada na kura 195 zilizopitisha mwingine: tuwahesabu vipi wabunge wasiokuwapo?

Chapisho la 1: Mleta uzi, Mombasa

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Kwa muda sasa nimekuwa nikisoma taarifa za kura za Bunge la Taifa hapa Kenya, na kuna namba moja ambayo imenikaa kichwani: 195. Mnamo Aprili 2016 wabunge 195 waliunga mkono mswada wa kutekeleza kanuni ya thuluthi mbili ya kijinsia, ile inayotaka jinsia moja isizidi thuluthi mbili ya wabunge, na mswada huo ukaanguka. Tarehe 25 Juni 2024 wabunge 195 waliunga mkono Mswada wa Fedha, nao ukapita. Ukubwa wa Bunge ni ule ule, wabunge 349 bila kumhesabu Spika, na waliosema ndiyo ni idadi ile ile, lakini mswada mmoja ulizikwa na mwingine ukapelekwa kwa Rais. Kilicholeta tofauti ni namna Katiba inavyowahesabu wale ambao hawakuwamo ukumbini.

Kwa mswada wa kawaida, kifungu cha 122 cha Katiba kinataka wingi wa wabunge waliopo na wanaopiga kura. Mwaka 2024 waliopinga Mswada wa Fedha walikuwa 106, kwa hiyo karibu wabunge hamsini hawamo katika hesabu hizo mbili, na hakuna aliyewahitaji ili mswada upite. Mswada wa jinsia ulikuwa unabadilisha Katiba yenyewe, na kifungu cha 256 kinadai thuluthi mbili ya wabunge wote wa kila Bunge (la Taifa na Seneti), yaani wabunge 233 katika Bunge la Taifa, wawe wamekuja au wamelala kwao. Katika kura ya aina hiyo, aliye safarini, aliye hospitalini, aliye mkahawani hapo hapo bungeni na yule aliyesimama akasema hapana kwa sauti wote wanaingia kapu moja.

Sasa tazameni mtiririko wa mswada huo. Aprili 2016 zilikosekana kura 38. Uliporudishwa mapema Mei mwaka huo huo, waliounga mkono walishuka hadi 178, zikakosekana 55. Jumatano ya tarehe 27 Februari 2019, mswada uliodhaminiwa na aliyekuwa kiongozi wa walio wengi, Aden Duale, haukufika hata kwenye kupigiwa kura, kwa sababu waliokuwapo ukumbini walikuwa 174 tu, na hata wote wangesema ndiyo, bado wangepungua 59. Kila mara waliopinga hadharani walikuwa wachache mno kuliko ambao hawakuonekana. Ukimuuliza mbunge mmoja mmoja kama anapinga wanawake kuongezeka bungeni, atakuapia kwamba yeye ni mtetezi wao wa mstari wa mbele, na huenda hata hotuba yake ya kuunga mkono imo kwenye taarifa rasmi. Siku ya kengele kulia, hayupo.

Matokeo yake hayakuwa madogo. Machi 2017 Mahakama Kuu ililipatia Bunge siku 60 litunge sheria hiyo, siku zikapita, na tarehe 21 Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa mujibu wa kifungu cha 261. Bunge halikuvunjwa, mahakama ikasimamisha utekelezaji wa ushauri huo, na Bunge likamaliza muhula wake. Kwa maneno mengine, nchi ilifika kwenye mlango wa kuvunja Bunge zima kwa sababu ya watu ambao, kwenye karatasi, hawakusema wala hawakufanya lolote.

Nije kwenye sababu wanazotoa. Tumezizoea: ugonjwa, msiba, safari ya kikazi ya kamati, mkutano wa chama, wananchi jimboni, na ile ya msongamano wa magari Nairobi ambayo mimi huipokea kwa tabasamu. Sitaki kuzidharau zote. Mbunge ni binadamu, huugua na hufiwa. Lakini ile ya jimbo na mazishi hainiingii akilini, kwa sababu Bunge la Taifa kwa kawaida hukaa Jumanne alasiri, Jumatano asubuhi na alasiri, na Alhamisi alasiri. Mazishi mengi ya kwetu yanayomhitaji mbunge kushika kipaza sauti hufanyika Ijumaa na Jumamosi, na harambee vivyo hivyo, na ratiba hiyo inamwachia siku nne za wiki kuwa na watu wake. Siku zote mbili za 2019 na 2024 nilizozitaja ziliangukia Jumatano na Jumanne.

Mtu atasema sheria ipo. Ipo kweli: kifungu cha 103 kinasema mbunge hupoteza kiti akikosa vikao vinane katika kipindi kimoja cha Bunge bila idhini ya maandishi ya Spika, na akashindwa kutoa maelezo ya kuridhisha mbele ya kamati husika. Kwa vikao vinne kwa wiki, hiyo ni kama wiki mbili. Inaonekana kali, ila ina tundu kubwa, nalo ni kwamba inahesabu vikao, haihesabu kura. Mbunge anaweza kujisajili mwanzoni mwa kikao, akasalimiana na wenzake, akatoka kabla ya mswada kupigiwa kura, na kwa sheria hiyo hajakosa chochote. Hoja yangu ni kwamba sababu ya kutokuwapo inapaswa kutolewa kwa kura husika na kwa maandishi yanayosomwa na wapigakura, kwa kuwa madhara yake hupimwa kwa kura. Karibuni tujadili.

Chapisho la 2: Mchangiaji, Arusha

Mkuu, nakushukuru kwa uzi uliotulia. Naomba nilete ya upande wetu, kwa sababu sisi huku tumeona kanuni ya utoro ikitumika hadi mbunge akapoteza kiti, na bado sidhani kama ilitibu ugonjwa unaouzungumzia.

Ibara ya 71(1)(c) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inasema mbunge atakoma kuwa mbunge iwapo atakosa kuhudhuria mikutano mitatu mfululizo ya Bunge bila ruhusa ya Spika. Machi 2019 Spika Job Ndugai alitangaza kuwa kiti cha Arumeru Mashariki kiko wazi kwa msingi huo. Mbunge aliyekuwa akikishikilia, Joshua Nassari wa CHADEMA, alikuwa hakuhudhuria mikutano ya Septemba 2018, ya Novemba 2018 na ule ulioanza mwishoni mwa Januari 2019. Alieleza kwamba alikuwa na sababu za kifamilia zilizomhusu mke wake, akashikilia kwamba alikuwa ameiarifu ofisi ya Spika, na alipokwenda Mahakama Kuu hakufanikiwa. Mgombea wa CCM akachukua kiti bila kupingwa.

Sibishani na uamuzi, nataka tuitazame kanuni. Mikutano ile mitatu kila mmoja ulikuwa wa wiki mbili hivi. Mkutano wa bajeti huanza Aprili na kwenda hadi mwisho wa Juni, karibu miezi mitatu, na ndani yake ndimo hupitishwa matumizi ya serikali nzima. Mbunge akiukosa mkutano huo wote, kwa hesabu ya ibara hiyo amekosa mkutano mmoja. Akijitokeza Septemba kwa siku chache, hesabu inaanza upya. Kwa hiyo aliyekosa siku chache zilizotawanyika vibaya anaweza kupoteza kiti, na aliyekosa siku nyingi zilizopangika vizuri akabaki nacho. Kwenu mnahesabu vikao, kwetu tunahesabu mikutano, na kura haihesabiwi na yeyote kati yetu.

Liko pia suala la Tundu Lissu, ambalo ni zito zaidi. Alipigwa risasi Dodoma tarehe 7 Septemba 2017, akatibiwa Nairobi na baadaye Ubelgiji, na tarehe 28 Juni 2019 Spika akatangaza kiti chake cha Singida Mashariki kuwa wazi, kwa maelezo kwamba hakumtaarifu Spika kwa maandishi mahali alipo, na kwamba hakujaza tamko la mali na madeni. Nchi nzima ilijua kwa nini hayupo bungeni. Hapo ndipo ninapoona hatari ya kumwachia mtu mmoja aamue ni sababu ipi inatosha.

Nimalizie na jambo ambalo vijana wengi hawalikumbuki. Mwaka 2014, Bunge Maalumu la Katiba lilihitaji thuluthi mbili kutoka kila upande wa Muungano, na wajumbe wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, walikuwa wametoka ukumbini tangu Aprili. Kwa upande wa Zanzibar hesabu ilikuwa nyembamba sana. Kanuni zikarekebishwa ili wajumbe waliokuwa nje ya Dodoma waweze kupiga kura huko huko waliko, wakiwamo waliokuwa Makka kwa hija, na tarehe 2 Oktoba Katiba Inayopendekezwa ikatangazwa kuwa imepita. Kumbe wakubwa wakizitaka kura zako, umbali hutafutiwa dawa.

Chapisho la 3: Mchangiaji, Kisumu

Ndugu mleta uzi, umeandika kwa utaratibu, lakini umewaonea wabunge kidogo. Unasema kana kwamba kutokuwapo ni uvivu au hila, nami naona mara nyingi ni kinga. Mbunge anayetoka eneo lenye chama kimoja chenye nguvu hana chaguo huru. Akipiga kura kinyume cha chama, anaitwa msaliti. Septemba 2023 chama cha ODM kilitangaza kuwafukuza wabunge wanne na seneta mmoja kwa kushirikiana na serikali. Akipiga kura pamoja na chama huku jimbo lake linataka vingine, wapigakura wanamsubiri. Anachobakiwa nacho ni kuugua siku hiyo. Ukimwondolea hicho nacho, umempa kiranja wa chama fimbo nyingine, kwa sababu daftari la sababu unalolitaka litasomwa kwanza na viongozi wa chama kabla halijasomwa na mwananchi wa Seme au Nyakach.

Isitoshe, kazi kubwa ya Bunge hufanyika kwenye kamati. Mbunge aliyekesha akichambua vifungu vya mswada, kisha akakosa dakika kumi za kura kwa sababu ya daktari, unamweka orodha moja na asiyefungua hata nakala ya mswada.

Chapisho la 4: Mleta uzi

Ndugu yangu wa Kisumu, hoja ya chama ndiyo ngumu kuliko zote, na nakiri sikuigusa ipasavyo. Ni kweli kwamba kuugua kwa ghafla kumekuwa lugha ya kisiasa ambayo kila mtu bungeni anaielewa. Ila nina jibu moja: mlango wa mtu huyo upo tayari. Mbunge anaweza kuwapo ukumbini na kujizuia kupiga kura, na jina lake likaandikwa hivyo. Huko Tanzania, ndugu wa Arusha atanisahihisha nikikosea, katika kura ya bajeti Katibu wa Bunge huita jina moja moja, na mbunge ana nafasi ya kusema ndiyo, hapana, au kwamba hana uamuzi. Anayejizuia amesema jambo linaloweza kuulizwa siku ya pili. Aliyeugua ametufunga midomo, kwa maana hakuna mstaarabu anayemhoji mgonjwa kuhusu ugonjwa wake.

Na niongeze kwamba kwa mswada wa jinsia wa 2019 kinga hiyo haikuhitajika kwa wengi, kwa sababu vyama vikubwa, kwa kauli za viongozi wao, vilikuwa vinauunga mkono. Walikuwa wanajikinga na nani? Nadhani wengi wao hawakutaka kuongeza washindani na gharama, ila hawakutaka pia kuonekana kwenye orodha ya waliokataa.

Hoja ya kamati naikubali nusu. Kamati hutengeneza mswada, lakini kura haiwezi kukaimiwa na kazi ya kamati. Ninalolalamikia zaidi ni safari za kamati zenyewe, ambazo hupata idhini halali na ambazo mara nyingine huwekwa wiki zile zile ambazo mambo mazito yako mezani. Hapo mbunge hana kosa, mwenye kupanga ratiba ndiye wa kuulizwa.

Ipo sababu nyingine ambayo tunaisahau kwa kuwa wengi wa wanaoandika sheria ni wanaume. Tarehe 7 Agosti 2019, miezi mitano tu baada ya mswada wa jinsia kukwama, Zuleika Hassan, Mwakilishi wa Wanawake wa Kwale, aliingia ukumbini na mtoto wake wa miezi mitano. Alikuwa amepata dharura nyumbani na hakuwa na mahali pa kumwacha. Akaamriwa atoke. Angebaki nyumbani, jina lake lingesomeka kama la mtoro mwingine yeyote, na sisi huku pwani tungemsema kama tunavyowasema wengine. Bunge lililokosa wabunge wa kupitisha kanuni ya jinsia lilikuwa na wabunge wa kutosha kumpigia kelele mama aliyefika kazini.

Chapisho la 5: Mchangiaji, Leicester

Nimeishi Uingereza miaka mingi, na kisa hicho cha Kwale kimenikumbusha cha huku, mwaka huo huo. Tarehe 15 Januari 2019 Bunge lilipiga kura juu ya makubaliano ya Theresa May ya kujitoa Umoja wa Ulaya. Tulip Siddiq, mbunge wa London, aliahirisha upasuaji wake wa kujifungua na akasukumwa ukumbini kwenye kiti cha magurudumu ili apige kura. Serikali ilishindwa kwa kura 432 dhidi ya 202, yaani kura yake moja isingebadilisha lolote, lakini hakuna aliyejua hivyo asubuhi ile.

Kwa nini hakutumia utaratibu wa zamani? Huku pana desturi ya kwamba mbunge wa upande mmoja akishindwa kufika, kiranja wa upande wa pili humtafuta mbunge wake mmoja naye asipige kura, ili mizani isitetereke. Ni makubaliano ya waungwana, hayana adhabu. Julai 2018 Jo Swinson, aliyekuwa ametoka kujifungua, aliwekwa jozi namna hiyo na Brandon Lewis, mwenyekiti wa chama cha Conservative, na Lewis akapiga kura. Akaomba radhi akisema ni makosa yasiyo ya kukusudia, lakini imani ilikuwa imeshaondoka. Mwishoni mwa Januari 2019 Bunge likaanza kuwaruhusu wabunge waliopata watoto kumteua mwenzao awapigie kura, na jina la anayewakilishwa na la anayewakilisha yote hutangazwa. Kwa maoni yangu hilo ni bora kuliko idhini ya Spika iliyofungiwa kabatini.

Chapisho la 6: Mchangiaji, Minneapolis

Kabla hamjaishangilia sana kura ya niaba, sikilizeni ya Marekani. Baraza la Wawakilishi liliiruhusu kuanzia Mei 2020 kwa sababu ya korona, na mbunge alitakiwa kusaini barua inayosema kwamba hawezi kufika ukumbini kutokana na dharura ya afya. Februari 2021 baadhi ya wabunge wa Republican walisaini barua hizo huku wakiwa Orlando kwenye mkutano wa kisiasa, na wa Democratic nao walilaumiwa kwa kuitumia kwa mambo yasiyohusiana na korona. Barua ilikuwa na maneno yale yale kwa kila mtu, na hakuna aliyekagua ukweli wake. Utaratibu ukafutwa Januari 2023, chama cha Republican kiliposhika uongozi wa Baraza.

Kinachofanya kazi vizuri zaidi huku ni kitu cha kizamani. Mbunge aliyekosa kura anaweza kuingiza maelezo mafupi katika kumbukumbu rasmi za Kongresi, akitaja namba ya kura, kwa nini hakuwapo, na kwamba angekuwapo angepiga kura gani. Maelezo hayo hayabadilishi hesabu hata kidogo, lakini yanamfunga. Hawezi kuja mwakani kumwambia kila mpigakura jibu tofauti.

Chapisho la 7: Mchangiaji, Kampala

Kwa Uganda Katiba inasema vikao 15, bila ruhusa ya maandishi ya Spika. Ila funzo letu kubwa lilitoka mahakamani. Sheria dhidi ya mapenzi ya jinsia moja ilipitishwa Desemba 2013, siku chache kabla ya Krismasi, wakati wabunge wengi wameshatawanyika. Ndani ya ukumbi ilielezwa wazi kwamba akidi, yaani idadi ya chini ya wabunge wanaotakiwa kuwapo, haikutimia, na Spika akaendelea. Agosti 2014 Mahakama ya Katiba iliifuta sheria nzima kwa sababu hiyo peke yake, pasipo kugusa yaliyomo. Ukiunga mkono sheria ile au ukiipinga, ujue iliangushwa na viti vitupu.

Chapisho la 8: Mleta uzi

Kuna aliyeniuliza kwa ujumbe, "Sasa unataka nini hasa, kwa lugha nyepesi?" Nimechukua ya ndugu wa Minneapolis na ya ndugu wa Leicester nikayaunganisha na ya kwetu.

Kwa kila kura inayohitaji thuluthi mbili ya wabunge wote, orodha inayochapishwa iwe na safu nne: waliosema ndiyo, waliosema hapana, waliojizuia, na wasiokuwapo, kwa majina na maeneo yao. Kwa sasa safu ya nne mwananchi huipata kwa kutoa, akilinganisha orodha ya waliopiga kura na ya wabunge wote 349, kazi ambayo niliifanya kwa kura moja tu nikaishiwa na jioni mbili. Mbele ya kila jina lisilokuwapo paandikwe sababu kwa neno moja au mawili: ugonjwa, msiba, uzazi, safari iliyoidhinishwa, au "hakutoa." Sihitaji cheti cha daktari wala jina la marehemu, ndugu wa Kisumu asihofu kuhusu faragha. Anayetaka aongeze mstari mmoja wa kusema angepiga kura gani. Safari ya kamati ikiwa ndiyo sababu, pawe na jina la aliyeiidhinisha na tarehe aliyoidhinisha, tuone kama ni kabla au baada ya siku ya kura kutangazwa.

Kwa miswada ya kawaida ningeridhika na safu ya nne peke yake. Kifungu cha 103 kibaki kilivyo, kwa kuwa baada ya kusoma ya Singida Mashariki sina hamu tena ya kuongeza njia za kumvua mtu kiti.

Mbunge wangu wa hapa nimemwandikia barua kuhusu jambo hili wiki mbili zilizopita, nikamtajia tarehe tatu za kura ambazo sikuliona jina lake. Msaidizi wake amenijibu kwamba mheshimiwa yuko safarini.